Noeli Usingoje Bei Ishuke

Mapendo, mutoto wangu wa kwanza na wa mwisho,

Leo jioni, tulipokuwa tunachambua maharage ya kumupelekea shangazi yako, ulisema neno moja. Ulisema, “Mama, Noeli sitakuja. Nitangoja Bonane ya mwaka mupya ipite, watu warudi kazini, pikipiki zianze kupanda huku tupu. Hapo nitakuja kwa nusu ya bei. Si hesabu yako hii?” Ukacheka. Ulikuwa unafurahi kunionyesha kama somo langu limekuingia. Mimi nikainama juu ya lungo, nikajifanya natafuta kijiwe.

Hakukuwa na kijiwe.

Sasa umelala, muzigo wako umefungwa uko mulangoni, na Sadiki wa pikipiki ameahidi kufika kukipambazuka. Mbele ya macho yako nisingeweza kusema maneno haya. Ungenikatiza, ao mimi mwenyewe ningejikatiza. Kwa hiyo naandika, na barua nitaiweka ndani ya kile kikwembe cha bluu, utaikuta ukifika Walikale. Mwandiko wangu unaujua, unalala kama mahindi baada ya upepo. Vumilia.

Sitakuandikia juu ya kuamka mapema, kufua, kufagia kwa watu, kuheshimu walimu wa uuguzi. Hayo uliyajua tangu kichwa chako kikiwa kinafika kwenye kiuno changu, na yale usiyoyajua shangazi Riziki atakupigia kelele mpaka uyajue. Sauti anayo. Nataka kukuandikia juu ya bei ya kusafiri, maana hiyo njo kitu kimoja nilichokufundisha vizuri, na njo kitu kimoja nilichokufundisha vibaya.

Unajua shule yangu iliishia mahali ambapo wewe ulianzia. Nilikuwa musichana mwenye mutoto mugongoni, papa yako ameshuka Walikale kuchimba madini kwenye karieri, na mimi nimebaki hapa Nyabiondo na shamba la maharage kwenye mulima ambao hata mbuzi anauogopa. Nikaanza biashara: kushusha maharage na fromaji, zile jibini za Kirolirwe, kule porini, kupandisha mafuta ya mawese. Siku ya kwanza, ilikuwa siku ya soko, nilisimama parkingi ya pikipiki kabla ya jua, nikapunga mukono kama muntu anayezama. Sadiki akasimama. Alikuwa kijana bado, pikipiki si yake. Akanitajia bei, nikaona giza.

“Sadiki, wewe ni mwizi!”

“Mama Mapendo, unanionea. Leo mumekuja watu kama kundi la ndege, wote munataka kufika saa moja, na sisi wamotari tuko hapa watatu. Miye njo ninapandisha bei? Ninyi wenyewe njo munaipandisha. Kesho nitapita hapa nikiita, nani anataka, nani anataka, na hakuna hata kuku wa kunijibu. Na pikipiki inakunywa petroli sawasawa, nibebe muntu ao nibebe hewa.”

Nililipa, nikapanda, na njia nzima neno lile lilikuwa linazunguka kichwani. Ibebe muntu ao ibebe hewa. Nikaelewa kama yule anayekwenda siku ya watu wengi analipa safari yake, na analipa tena ile hewa ya kurudia. Na yule anayekaa juu ya ile hewa, hata akitoa kidogo, motari atamushukuru.

Mama Faida, yule mzee muuza mafuta aliyekufa mwaka jana, njo alinionyesha namna ya kukaa juu ya hewa. Alinipeleka kwenye kijito chini ya daraja la miti, pale wamotari wanaposafisha pikipiki mbele ya kurudi. Akaficha muzigo wake kwenye majani, akatoa viatu, akaingiza miguu ndani ya maji. Mimi nikataka kusimama.

“Kaa chini! Anayepunga mukono analipa bei nzima. Wewe hausafiri. Wewe unaosha miguu.”

Motari akafika, akaosha pikipiki, akatuangalia. Sisi tunaongea juu ya nzi wa maharage. Akapanda pikipiki, akashuka tena.

“Wamama, hamuendi?”

“Tuende wapi na hii jua?” Mama Faida akamujibu, bila kugeuka.

“Nitawasaidia bei.”

“Kusaidia ni nini? Miguu yetu bado michafu.”

Mpaka aliposhuka kwenye nusu, na chini ya nusu, njo Mama Faida akapangusa miguu na kuvuta muzigo kwenye majani. Yule motari alitukana mpaka akacheka mwenyewe. Wewe ulikuwa mugongoni mwangu. Ulinyonya ujanja ule pamoja na maziwa, njo maana leo unaujua kunishinda.

Nilikuwa hodari, Mapendo. Sijisifu bure, ni kweli. Nilijua siku gani barabara inajaa kwa kushuka na siku gani inajaa kwa kupanda, na mimi nilikuwa kila mara upande mwingine, na mvua, na jua kali, na siku ya mazishi ya mukubwa fulani watu wote wakiwa wamefunga biashara. Wiki ya mbele ya Noeli ilikuwa shamba langu. Wachimbaji wote wanapanda nyumbani na suruali mpya na radio begani, wanalipa kama wafalme, na pikipiki zinashuka kuwachukua zikiwa tupu. Mimi nashuka nazo karibu bule. Wamotari waliniita Mama Promosio, mama wa bei ya kupunguzwa. Nikifika parkingi wanapiga kelele, “Mufiche petroli, Mama Promosio anakuja!” Nilipenda lile jina. Muntu aliyeacha shule na mimba anapenda kuitwa jina lolote lenye akili ndani yake.

Mara moja tu nilipata onyo, na sikulisikia. Nilikuwa na fromaji, nzuri, nzito, nilizichukua Kirolirwe kwa kuaminiwa. Siku ya soko bei ikapanda, nikasema nitangoja. Nikakaa kwenye kijito naosha miguu. Kesho yake mvua, hakuna pikipiki. Siku iliyofuata zikapita mbili, na wenyewe wakawa wabishi, nikasema ngoja, watalegea. Fromaji zikaanza kutoa jasho, halafu harufu, halafu panya wakajua njia. Nilifika Walikale kwa bei ndogo kabisa, nikauza fromaji kwa bei ya aibu, na ulikula zilizobaki mpaka ukakataa kuona kitu cheupe sahanini. Tulicheka sana na papa yako juu ya zile fromaji. Ilikuwa kitu cha kucheka, maana ni fromaji.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Ulikuwa umengoka meno ya mbele, mapya hayajaota bado. Papa yako alikuwa hajapanda nyumbani tangu wakati wa kuvuna maharage ya kwanza. Ilibaki siku chache Noeli iingie. Nilipanda kwenye kile kilima cha rezo, pale tunapopigia simu, naye kule akapanda kwenye kilima chake, tukapatana.

“Mama Mapendo, watu wanaanza kupanda. Nipande nao?”

“Bei iko ngapi?”

Akaniambia. Nikafunga kinywa na mukono.

“Papa Mapendo! Hiyo ni bei ya manjanja, ya mabati ya nyumba nzima! Kitanda chetu kinanyeshewa na wewe unataka kuwapa wamotari manjanja yetu?”

“Ni Noeli, mama.”

“Noeli itapita. Bonane nayo itapita. Watu watashuka kurudi kwenye karieri, pikipiki zitapanda tupu, utapata mahali kwa nusu. Kile kitakachobaki utatuletea manjanja.”

Akauliza, “Na mutoto?”

Nikamujibu hivi, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka, sitayapaka sukari: “Mutoto hajui Noeli ni siku gani. Siku atakayokuona, hiyo njo Noeli yake.”

Akacheka. Kicheko chake unakikumbuka? Kilikuwa kinaanzia puani. Akasema, “Wewe wangekuweka ministre wa barabara, hata barabara yenyewe tungeipata.” Halafu unite za simu zikaanza kuisha, sauti ikaanza kukatika, na neno la mwisho nililosikia ni hili: “Nimechoka, mama. Ningependa kuja tu.”

Nikamuambia, “Nimekusikia. Lakini ngoja.”

Alikuwa bwana anayesikia. Wamama wengine wanalia kwa sababu bwana zao hawasikii.

Na wewe ulijua Noeli ni siku gani. Nilikushonea gauni ya kijani, ukaivaa mbele ya kuoga, na ukatoroka kwenda parkingi. Nilikufuata nikakukuta umesimama juu ya jiwe, pikipiki zinafika moja moja, kila mutoto anakimbilia mufuko wa papa yake. Motari mumoja akakutania, “Mapendo, unamungoja nani hapa? Yesu alisha kuzaliwa, wewe hujasikia?” Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulikaa mpaka gauni ikawa nyekundu na vumbi, nikakubeba nyumbani kwa nguvu, unanipiga na miguu. Nyama tulikula. Nakumbuka nilikuwa nahesabu kichwani manjanja.

Kwenye karieri watu walikwisha kuondoka. Mwenye mashine ya kuvuta maji alikuwa amepanda kwao, na mashine ikazimwa. Papa yako alibaki na vijana wachache wasiokuwa na kwao. Kukaa bule ni kula bule, kwa hiyo akaingia kwenye shimo moja la zamani kutafuta ya kula mpaka bei ishuke. Maji yalikuwa yameingia kwenye ukuta wa udongo. Ukaanguka.

Siku za kawaida shimo likianguka wanatoka watu kila upande kama siafu, wanachimba na majembe, na sahani, na mikono. Nimewahi kuona wamemutoa muntu anapumua. Ile wiki walikuwa watu wa kuhesabu, na wengine walikuwa wamekunywa. Shangazi Riziki alichimba na mikono yake. Ukimuona ana kidole kilichopinda, usimuulize, ni pale.

Habari aliileta Sadiki. Pikipiki yake ningeijua kwa mulio hata nikiwa usingizini, lakini ile siku sikuisikia. Aliizima mbali na nyumba akaisukuma na mikono kwenye ile njia ya mihogo. Nilimuona anaisukuma, nikajua. Petroli ilikuwamo. Muntu hasukumi pikipiki yenye petroli.

Nikafunga kikwembe. Nikauliza, “Bei?” Kinywa kilizoea, Mapendo. Kilisema peke yake.

Sadiki akaanza kulia. “Mama Mapendo, leo hakuna bei.”

Nilimulipa. Nilimulipa bei nzima, ile ya siku ya soko, akakataa, nikaitia kwa nguvu ndani ya koti yake. Ni mara yangu ya kwanza tangu ile siku niliyopunga mukono. Tulishuka kwenye barabara isiyo na muntu wa kushuka, upande ule ule niliokuwa naupenda, na wanaopanda kwa Bonane walikuwa wanapishana nasi wakiimba, wawili wawili, watatu watatu, na mbuzi juu ya magoti.

Tulimuzika kule. Kumupandisha nyumbani hakuna motari aliyekubali, na wale wa bariere wanaofunga barabara wangemufungua sanda mara ngapi njiani. Nilikaa na shangazi yako mpaka kilio kikaisha na Bonane ikapita. Halafu nikaenda parkingi ya Walikale kurudi kwako.

Watu walikuwa wameanza kurudi kwenye karieri. Zilikuwa zinafika pikipiki zimejaa, zinashusha watu, na zinageuka tupu. Wamotari walikuwa wanaita kwa kubembeleza. Motari nisiyemujua akanikimbilia, akanitajia bei mbele sijafungua kinywa. Ilikuwa nusu. Nusu kamili, kama nilivyomuambia papa yako kwenye simu. Hesabu yangu haikukosea hata kidogo. Nilipanda nikakaa mahali pake, nikapandishwa nyumbani kwa bei ile aliyokuwa anaingoja, na njia nzima nilikuwa nashika chuma ya nyuma kwa mukono mumoja kwa sababu ule mwingine ulikuwa na mufuko wake wa nguo.

Wewe ulikuwa kwa jirani, na ile gauni. Ulinitazama, ukatazama nyuma yangu.

Ningekuambia siku ile. Sikukuambia. Kilio kilipoisha, watu wakaanza maneno yao: kwa nini hakupanda Noeli kama wenzake? Wamoja wakasema alikuwa na mwanamuke kule. Ukaleta neno hilo nyumbani, tukiwa tunakula sombe. Uliniuliza, “Ni kweli Papa hakutaka kuja?” Ilikuwa kitu chepesi kujibu. Neno moja tu: mimi. Mimi njo nilimukataza. Nilikuambia, “Kula bugali yako.”

Na ukakula. Na ukaacha kumutaja. Kila Noeli watoto wanakwenda parkingi na wewe unachukua jembe, unasema una kazi shambani, mutoto mwenye umri ule, siku ya Noeli! Nikakuacha. Nilikuona unamuchukia papa yako, unafunga hasira ile vizuri na kuibeba kama muzigo, na nikanyamaza, maana ukimuchukia yeye hutanichukia mimi. Nilikwisha kukuambia yule anayekaa juu ya hewa, kuna mwingine mbele amekwisha kumulipia. Miaka yote hii mimi nimekaa juu ya hewa, na wewe njo umelipa bei nzima, umelipa yako na umelipa ya kwangu.

Sasa unajua. Papa yako alitaka kuja. Alisema, “Ningependa kuja tu.” Hakukuwa na mwanamuke. Kulikuwa na manjanja.

Yale manjanja tulikuja kuyanunua, ni haya juu ya kichwa chako sasa hivi. Mvua inanyesha kidogo, naisikia, na kitanda chako kiko kikavu.

Usifikiri nakuambia uache ujanja wako. Mimi mwenyewe juma lililopita nilikuwa kwenye kijito, miguu ndani ya maji, na yule motari mupya nilimushusha mpaka akaniuliza kama nataka nayeye anilipe. Bila ule ujanja usingekuwa na daftari wala hicho kikwembe cha bluu. Maharage yanaweza kungoja. Mafuta yanaweza kungoja. Fromaji, uliona mwenyewe, hata zenyewe haziwezi. Mimi nilimuweka papa yako pamoja na mizigo. Njo kosa langu lote, halina lingine. Nilimuhesabu kama kitu ambacho kinaweza kukaa kwenye majani mpaka bei ipoe.

Kitu kingine nilikichelewa kukiona, na wewe utakuwa kwenye ile barabara peke yako kushinda mimi. Pale watu wametoka bei inakuwa ndogo, ndiyo. Lakini angalia ni nini kingine kinakuwa kidogo pale. Mashine ya maji inazimwa. Wa kukutoa shimoni wanakuwa wachache. Mama Faida hakunifundisha upande huo. Na siku bei ikianguka bila soko kupita, bila Bonane, bila sababu unayoijua, uliza kwanza kwa nini wenzako hawasafiri. Mwaka juzi kijana mumoja alitushushia bei kule Kashebere karibu na zawadi, tukafurahi, na Sadiki aliyekuwa nyuma yetu akazima pikipiki akasema tu, “Wamama, sikilizeni.” Tukasikiliza. Hakukuwa na ndege hata mumoja anayelia kwenye lile pori. Tukarudi. Walioendelea, wengine hatukuwaona tena.

Kwa hiyo nieleweke vizuri. Kama Noeli ikifika na kuna milio kwenye milima, ao bariere zimeongezeka, ao Sadiki anakataa kushuka, baki kwa shangazi yako. Kaa ndani. Nitalia na nitavumilia, hiyo si bei, hiyo ni vita, na hatuiwezi. Lakini kama barabara iko wazi na kitu kinachokuzuia ni bei peke yake, basi hujazuiwa na kitu. Yule mbuzi mwenye sikio lililopasuka ni wa Noeli yako, nimekwisha kuongea naye na nimekwisha kumuachia Sadiki pesa ya njia yako, atakupatia mukononi. Sadiki alinicheka. “Mama Promosio, wewe unalipa mbele, na bei ya Noeli? Unaumwa?” Nikamuambia ndiyo, naumwa tangu zamani.

Ukishazoea kule, siku ambayo huna masomo, muombe shangazi akupeleke kwa papa yako. Yeye njo anajua mahali, mimi nilikuwa sioni vizuri ile siku. Kuna mawe, na shangazi aliniambia alipanda mugomba. Usiende kumuombea musamaha kwa ajili yangu, hiyo ni kazi yangu. Nenda umuonyeshe tu meno yako ya mbele. Hakuyaona yalipoota.

Ukinikasirikia, nikasirikie. Nimekuandikia nikijua kama kesho, nikikuaga, utakuwa hujasoma bado, na nitapata hata hivyo kukukumbatia mara moja kama mama asiye na kosa. Nisamehe na hiyo. Ni ujanja wa mwisho. Halafu ukae na hasira yako mpaka iishe ao mpaka isiishe, lakini uipande nayo pikipiki, uje nayo hapa, unipigie kelele ndani ya nyumba hii. Usiniletee Januari.

Ile siku, ukitoka kwa shangazi, usitafute kijito. Usifiche muzigo kwenye majani. Simama katikati ya wale wote wenye kutaka kwenda, wenye mbuzi na radio, na upunge mukono. Motari atakutajia bei ya wazimu. Mulipe. Wale wanaojua wewe ni mutoto wa nani watacheka mpaka waanguke. Waache.

Na ukifika huku, ukipita lile daraja la miti, angalia juu, pale parkingi, kwenye lile jiwe. Nitakuwa nimesimama juu yake mbele ya watu wote, napunga mikono yote miwili, kama muntu asiyejua bei ya kitu chochote.

Mama yako